Mshale Uliobaki Mahali Pake

Wakubwa hawasomi grafu, wanasoma mshale. Hilo nilifundishwa na bosi wangu wiki ya kwanza kazini, na sikumbishia. Unaweza kuwachorea nguzo ishirini, kila moja na rangi yake, mistari ya eksi na wai imenyooka, nao wakaendelea kuchezea simu. Weka mshale mmoja mwekundu wenye maneno mawili ubavuni, uone vichwa vinavyoinuka. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mishale hiyo. Ofisi nzima ilijua, na mimi nilijua kwamba inajua, nikavimba kichwa.

Ofisi yenyewe iko Sumbawanga mjini, na haina haja ya kutajwa. Zahanati za huku juu na za bondeni zilikuwa zinatuletea kila mwezi taarifa za watoto waliopimwa uzito, mimi naziingiza kwenye kompyuta, kisha zinachorwa kwa ajili ya kikao. Walionitangulia walikuwa wanaweka mishale kwa mausi, mmoja mmoja, jasho linawatoka hata Julai, mwezi ambao huku kwetu watu wanaingia kazini na makoti mawili. Mimi nikaja na ujuzi wangu wa chuo. Nikaandika programu: unaipa namba, inachora nguzo, inaweka mshale, inaandika maneno, inakuletea picha tayari. Namba zikibadilika, unabonyeza tena. Bosi alikuwa akipita mezani kwangu na wageni anawaambia, "Huyu binti yetu hachori, anaamrisha." Nami nacheka kwa unyenyekevu wa uongo.

Sasa niseme habari za mama mdogo, maana bila yeye haya yote ni mambo ya kompyuta tu.

Ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na siku ya tatu baada ya mazishi mama mdogo alinishika mkono akanipeleka kwake, upande wa Chala, alikokuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji. Yeye hakuzaa. Watu walipomwuliza ana watoto wangapi alijibu mmoja, na ole wake aliyeongeza swali. Alikuwa mkali, jamani. Shikamoo ya kusimama haitikii. Unapiga magoti, unapiga makofi mawili matatu ya adabu kama tunavyofanya Wafipa, ndipo anasema marahaba, na hapo ameshakukagua kucha. Lakini kwa watoto wa kliniki alikuwa mtu mwingine kabisa. Anawaning'iniza kwenye mizani huku anawaimbia Kifipa, wanamkojolea, anacheka.

Grafu ya kwanza maishani mwangu alinifundisha yeye, kwenye kadi ya kliniki. Kila mwezi nukta moja, nukta zinaunganishwa, mstari unapanda kadiri mtoto anavyokua. Wauguzi wengine waliishia hapo. Yeye, mstari ukishuka, alichora kamshale kwa kalamu na kuandika kando yake kwa herufi ndogo: malaria, kaachishwa ziwa, mama yuko kwenye mavuno ya ulezi. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua, na kadi yenyewe ndogo vile. Alinijibu bila kuinua uso, "Mstari ukishuka bila maneno, atakayeusoma atamlaumu mama wa watu." Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nilisikia, na baadaye nikaenda kusoma takwimu mpaka chuo kikuu nikidhani nimeelewa.

Mwaka wa kisa hiki, bosi alitaka kikao kione zahanati zinazoleta namba za uongo. Zilikuwapo kweli, simsingizii mtu. Nilizama kwenye taarifa siku nne, nikaipata moja. Haikuwa ya mama mdogo, ilikuwa nyingine kabisa, na watoto wake walikuwa na uzito uleule miezi minne mfululizo, mpaka gramu. Mtoto gani wa binadamu hakui wala hakondi miezi minne? Nikachora nguzo za zahanati zote kwa mpangilio wa alfabeti, urefu wa nguzo ukiwa ni idadi ya watoto waliopimwa, na juu ya nguzo ya zahanati ile nikaweka mshale. Nguzo yenyewe ukiitazama haikuwa na kasoro. Ubaya ulikuwa ndani ya taarifa, nimeuona mimi peke yangu. Kwenye picha, shtaka lote lilikuwa ni mshale. Kando yake niliandika "ihakikiwe". Bosi akasema hapana, hapo watalala, andika "takwimu za kupika". Nikaandika.

Hapa nitaeleza kosa langu, na nitalieleza polepole kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Ukitaka programu ikuchoree mshale, lazima uiambie ncha yake ikae wapi. Kuna namna mbili. Ya kwanza, unaifunga ncha kwenye takwimu: unasema, shika nguzo ya zahanati hii, ikihama uhame nayo. Ya pili, unaifunga kwenye karatasi: unasema, kaa hapa, katikati ya upana, juu kidogo, basi. Namna ya kwanza ndiyo ya haki. Nilipoijaribu, maneno yaliangukia juu ya nguzo ya jirani, yakawa hayasomeki vizuri. Kuyasogeza kungenichukua robo saa. Nikachukua ya pili, mshale ukakaa pazuri, ukapendeza. Haki ya Mungu, nilichagua kupendeza.

Asubuhi ya kikao zikaingia taarifa mbili za bondeni zilizokuwa zimechelewa kwa ubovu wa barabara. Nikaziingiza, nikabonyeza, picha ikatoka, nikaipeleka kwenye projekta bila kuitazama mara mbili. Niitazame ya nini, si programu yangu? Majina ya zahanati hizo mbili yalianza na herufi za mwanzo mwanzo, kwa hiyo nguzo zake ziliingia kushoto, na nguzo nyingine zote zikabanana zikasogea kulia. Mshale haukusogea. Ulibaki pale pale nilipouamuru ukae, na chini yake sasa ilikuwa imesimama zahanati ya mama mdogo.

"Hii ni zahanati gani?" mkubwa mmoja akauliza.

Mtu wa mstari wa mbele akainama, akasoma jina lililo chini ya nguzo, akalitaja kwa sauti. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kompyuta, kidole kiko juu ya kitufe. Nilisikia kijiji nilichokulia kikitajwa, nikadhani wamehamia kwenye habari nyingine. Ndipo nikatazama ukutani.

Nilipaswa kusema samahani. Samahani waheshimiwa, mshale umekosea. Wangeguna, bosi angeona aibu, ningeona aibu, saa saba tungekula wali na maharage, mambo yangekwisha. Lakini mkataba wangu ulikuwa unamalizika mwezi uliofuata, na bosi ndiye wa kuandika mapendekezo, na wageni walikuwa wametoka mbali, na mimi si ndiye binti asiyechora, anayeamrisha? Nikajiambia nitamweleza bosi baadaye, tukiwa wawili. Nikabonyeza kitufe, picha nyingine ikaja. Baada ya chakula bosi alinipongeza mbele ya watu, nami nikamshukuru.

Kumbe kulikuwa na mtu amepiga picha ule ukuta kwa simu akaituma kwenye kundi la wauguzi. Saa kumi jioni mama mdogo akanipigia. Nilikuwa chumbani kwangu, mtaa wa Izia, ndiyo kwanza nimevua viatu. Yeye hakuwa mtu wa simu. Akipiga, kuna msiba au kuna mahindi mabichi.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. "Nimeuona mchoro. Umechora wewe, au mtu kakuchorea?"

"Ni mimi, mama."

"Na ule mshale?"

"Ni mimi."

"Uliangalia vizuri, mwanangu?"

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Naujua ule ukali wake, naujua na upole wake, na ule ulikuwa upole. Nilichotakiwa ni kusema hapana, sikuangalia, nisamehe, kesho nakwenda kusema ofisini.

"Niliangalia, mama," nikasema.

Nilisikia kuku wa uani kwake. Kisha akasema, "Haya. Marahaba," akakata simu.

Nimejiuliza kwa nini nilijibu vile, na jibu ni dogo la kutia aibu. Niliogopa. Sikuwa na sababu nyingine. Nilimwogopa bosi, niliogopa kurudi kijijini bila kazi, na nilimwogopa yeye, kwamba atajua mtoto aliyemlea ni mzembe na mwoga. Nikaona afadhali adhani ni hodari na mkatili.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ndivyo kijiji kilivyosema. Kina mama waliozaliwa mikononi mwake, wakazalia mikononi mwake, wakaanza kupeleka watoto zahanati ya jirani, saa mbili kwa miguu. Mmoja alikuja na kadi, akataka mtoto apimwe upya na muuguzi mwingine, tena mama mdogo akiwa amesimama hapo hapo. Haya aliniambia jirani yake, yeye hakuninong'oneza hata neno. Baada ya wiki chache ikaja barua ya uhamisho: aende bondeni, Mtowisa, kwa mahitaji ya kazi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu.

Mtu asiyezijua sehemu hizi hawezi kuona ni adhabu gani hiyo. Huku juu ni upepo na blanketi. Kule chini ni joto la mpunga, mbu, na barabara ambayo mvua ikinyesha unasahauliwa. Mwanamke wa karibu miaka sitini, mwenye presha. Nilimsindikiza stendi. Godoro nililibeba mimi, sufuria akabeba yeye, na njia nzima nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia. Gari lilipokuwa tayari alinigeukia akasema, "Kazi yako usiichezee." Nikasema ndiyo mama. Wiki ile ile mkataba wangu uliongezwa.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini hawakusema jinsi mtu anavyozoea kuficha. Nilizoea. Nilikuwa namtumia dawa za presha na vitenge, nampigia kila Jumapili, tunaongea habari za hali ya hewa. Anauliza, huko juu kuna joto? Namjibu, joto liko hukohuko kwenu mama, huku ni baridi. Basi. Nikajiambia yule amezoea, ni mtu wa kazi, yameshapita.

Miezi minane baadaye bosi akataka mchoro ule ule kwa namba mpya. Nikaifungua programu, nikaenda kwenye mstari wa amri ya mshale, na safari hii nikaifunga ncha kwenye takwimu, inavyotakiwa. Nikarudisha namba za siku ile nione. Nikabonyeza. Mshale ukaondoka juu ya zahanati ya mama mdogo, ukaenda kusimama juu ya ile yenye watoto wasiokua. Maneno nayo nikayasogeza, yakasomeka vizuri kabisa. Ilichukua robo saa, kama nilivyokadiria mwanzo. Nililia mezani kwangu, watu wa ofisi wakadhani nimefiwa.

Nilikwenda kwa bosi, nikasema yote. Hakunifokea. Alifunga mlango, akakaa, akanitazama kwa huruma ya mtu anayetaka uondoke.

"Barua yake inasema mahitaji ya kazi," akasema. "Haisemi kupika. Sasa tumsafishe mtu kwa kosa ambalo hakuna mahali limeandikwa?"

"Liliandikwa ukutani," nikamwambia. "Niliandika mimi."

"Ukuta ni ukuta, binti. Usijiharibie."

Nikatoka. Siku iliyofuata niliomba ruhusa, nikateremka bondeni.

Nilifika siku ya kliniki, karibu saa tano. Kina mama walikuwa wamejaa kwenye kibaraza, mizani imening'inia kwenye boriti, na mama mdogo amesimama pembeni yake. Alikuwa amekonda, nguo nyeupe inampwaya mwilini. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikapiga makofi. "Marahaba," akasema. "Umekuja na jua hili? Kaa kivulini, tutamaliza." Nikakaa nikimtazama. Alikuwa anamchukua mtoto, anamvalisha kile kikaptura cha mizani, anamning'iniza, anamtuliza kwa mkono mpaka aache kuyumba. Haimbi. Halafu anageuza uso pembeni na kumwita muuguzi mwenzake, mama wa makamo aliyekuwa anagawa dawa: "Njoo unisomee." Yule anaacha dawa, anakuja, anasoma. Mtoto wa pili, "Njoo unisomee." Wa tatu, hivyo hivyo.

Walipopungua akaja kukaa nami kwenye benchi. Nikamwuliza kama macho yanamsumbua.

"Macho ni mazima. Biblia nasoma bila miwani."

"Sasa mbona unasomewa?"

Alijifuta shingo kwa kitambaa. Kisha akaanza kunieleza, taratibu, kwa Kifipa, kama mtu anayeeleza historia ya ugonjwa wake.

Alisema siku ile baada ya kunipigia simu alitoa rejista zote kabatini. Alikaa nazo Jumapili tatu baada ya misa, akipitisha kidole jina kwa jina, mtoto kwa mtoto, akitafuta ni wapi alipopika. Hakupaona. "Kila uzito niliukumbuka," akasema. "Huyu alikuwa na kuhara, huyu mapacha. Nikasema mbona ni sawa? Lakini nilikuwa nimekuuliza, na ukasema uliangalia. Wewe nimekulea mwenyewe. Ukisema umeangalia, umeangalia. Basi aliyekosea ni mimi, na akili yangu imekwisha kiasi kwamba hata kosa sioni. Nikaogopa. Nikaenda kwa Padre nikaungama kwamba nimeandika uongo juu ya watoto wa watu. Akanipa kitubio, nikakifanya. Tangu hapo sisomi mizani peke yangu. Nisije nikaua mtoto wa mtu."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nina maneno yamepangwa. Yote yalipotea. Nilishuka kwenye benchi nikapiga magoti tena, kina mama wakageuka kutazama.

"Mama, hukupika. Mshale haukuwa wako. Ni mimi niliufunga vibaya, nguzo zikasogea, ukakuangukia wewe. Rejista zako ni safi. Zilikuwa safi siku zote."

Hakushtuka. Alinitazama, kisha akatazama mikono yake iliyokuwa mapajani.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, mama."

"Ulijua lini?"

Hilo sikulitegemea. Nilidhani ataniuliza ilikuwaje, nimweleze habari za ncha na karatasi, nijifiche humo. Alitaka kujua siku tu.

"Siku ile ile," nikasema. "Kabla hujapiga simu."

Mwenzake alikuwa ameacha kugawa dawa. Mama mdogo akatikisa kichwa polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniua. Ningeona heri anichape mbele ya watu wote wale.

"Basi niliungama dhambi yako," akasema.

Nikalia. Yeye hakulia, wala hakunigusa, wala hakuniambia niinuke. Wakati huo akaingia mama mmoja mwenye vumbi mpaka magotini, ametembea kutoka mbali, mtoto mgongoni, anaomba radhi kwa kuchelewa. Mama mdogo alisimama. Alimpokea mtoto, akamvalisha kile kikaptura, akamning'iniza, akamtuliza kwa mkono. Mizani ilikuwa mbele ya macho yake. Nilimwona akiitazama, midomo inataka kutamka, nikaanza kumwomba Mungu kimoyomoyo.

"Njoo unisomee," akamwambia mwenzake.

Mwenzake akaja, akasoma kilo saba na nusu. Mama mdogo akaandika kwenye kadi, kisha akampa mwenzake atazame kama ameandika sawa.